Vumbi la Mpira Uliopita

Naapa kwa vumbi hili jekundu, lililoingia katika uji wangu, katika shuka langu na katika kifua changu tangu ujana: haya nitakayosema ni kweli tupu. Nikichomeka uongo, hata wa ukubwa wa kokoto, nitalipa. Na malipo ya uwanja huu yanajulikana. Bidoni, dumu zima la maji, kichwani, kutoka pompi ya kisima mpaka hapa.

Ewe vumbi la Kapata. Unaamka kabla ya jogoo, unalala baada ya walevi. Lori likipita unasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Umekaa juu ya mabati ya nyumba hizi za kampuni ya mgodi, safu kwa safu, nyumba zinazofanana kama meno, na kampuni ilipotuacha, wewe hukutuacha.

Ketini, wasichana wapya. Mimi ndiye Mukalay, mstaafu wa mgodi, kocha asiye na shule. Softiboli nilijifundisha mwenyewe, kwa picha za kijitabu kilichokuja na gongo moja la kupigia na glavu chache ndani ya sanduku la misheni. Maneno yake yalinishinda, picha zikanitosha. Siku nilipolijaribu gongo lile, mpira ulipaa, ukapita mtaa wa Manika, ukapita mito, ukaenda kuanguka Sandoa ndani ya sahani ya bukari, ugali wetu, ya mama mmoja, naye akala nusu yake ndipo akauliza kwa nini bukari ya leo ni ngumu. Msicheke. Mama yule yupo.

Sasa sikieni. Katika mchezo huu kichwa ndicho kinachoangusha mpira. Mkono unasingiziwa tu.

Nimemwona msichana aliyekosa mpira mmoja akakosa mitatu, kwa kuwa macho yake yalibaki kwa ule wa kwanza, kama mjane kaburini. Nimemwona anayerusha kabla ya kujua anamrushia nani. Nimemwona anayepiga kwa hasira mpira ulio juu ya kichwa chake, kana kwamba anafukuza nyuki. Nimemwona aliyekimbia kwa sababu mwenzake alikimbia, na mwenzake alikuwa anakimbia mbwa.

Kwa hiyo tuna desturi yetu. Ukikosa, unainama, unaokota vumbi kidogo kwa vidole viwili, unalitupa nyuma ya bega. Mpira uliopita umekufa. Zika, binti, zika. Kisha unainua macho, maana mpira mwingine uko njiani na hauna huruma. Kosa la mguu tunalisamehe. Kosa la kichwa linalipiwa maji, yanamwagwa uwanjani ili sote tupumue.

Na hapakuwa na aliyezika vizuri kuliko Jémima.

Jémima aliyecheza safu ya nyuma, mrefu, mkimya, shingo kama ya korongo. Alikuwa akikosa, akiinama, akitupa, na uso wake unarudi mtupu kama ubao uliofutwa. Mpira uliopita umekufa. Alikuwa na kaka mmoja tu hapa duniani, Numbi, na Numbi ni mchimbaji. Kila asubuhi Numbi alikuwa akipanda kilima kile mnachokiona nyuma ya nyumba za mwisho, taa kwenye paji la uso, kamba kiunoni, anashuka shimoni kutafuta jiwe la kijani la shaba na jiwe jeusi la kobalti. Kila jioni Jémima alikuwa akimfunikia sahani ya chakula.

Siku moja Numbi, akiwa anajipangusa masikio, alimwahidi dada yake. Mkiwashinda Manika, alisema, mtaitwa kwenda kucheza Lubumbashi. Na siku hiyo mi natoka mu shimo, sirudii tena, nakuja kukubebea glavu.

Alisema kwa mzaha. Lakini msichana alilikunja neno lile, akalifunga moyoni kama mtu anavyofunga chumvi katika pindo la kitenge.

Kuanzia hapo, kila mpira alioudaka ulikuwa na kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Numbi. Kila kituo, lile gunia la wachimbaji tulilolijaza mchanga, kilikuwa ngazi ya kumpandisha. Daka, Numbi apande kidogo. Kosa, Numbi ateleze. Hilo ndilo kosa la kichwa lililo baya kuliko yote, wanangu, na kijitabu changu hakina picha yake.

Wakaja Manika. Walikuja juu ya pikipiki, wamepakiana, wanaimba. Tukacheza mpaka jua likaegemea. Mwishoni tulikuwa mbele kwa alama moja. Wawili wao walikuwa mbioni. Wakifika gunia la nyumbani wote wawili, tumekwisha. Mpira ukapigwa. Ukabingirika, ukaingia katika glavu ya Jémima kama kuku anayerudi bandani. Ilibaki kuurusha tu kwa Ndaya, mdakaji wetu aliyesimama kwenye gunia la nyumbani, na ushindi ni wetu.

Ndipo kilima kikapumua.

Vumbi la lori hukimbia barabarani likilala ubavu. Vumbi la shimo linaloanguka hupanda wima, polepole, kimya, kama mvuke wa chungu. Mtu wa Kapata hafundishwi kuyatofautisha. Mama anaacha mchi ndani ya kinu. Fundi anaacha msumari nusu. Wote wanasimama, wote wanaelekea kilimani, na hakuna anayefungua kinywa mpaka mtu ateremke na habari. Wasichana wa Manika ni watoto wa soko na ofisi. Kwao vumbi ni vumbi. Wao waliendelea kukimbia.

Na Jémima, nawaapia, hakugeuka. Macho kwa Ndaya, mkono nyuma, mpira ukaondoka ukipiga mluzi, Ndaya akaudaka, Manika wakakaa chini wakalia. Na kabla kelele hazijaisha, Numbi huyo anateremka njiani, mwekundu toka nywele mpaka kucha, anacheka, anauliza glavu iko wapi aibebe.

"Tata Mukalay."

Sikugeuka. Sauti ile inayoniita Tata, baba, naijua. Wasichana wapya walikuwa wanatazama nyuma yangu, na nyuso zao zilikuwa zimeacha kucheka.

"Ule mupira nilikuwa naye mu mukono," Jémima akasema. "Mi niliangalia kilima."

Nikamwambia taratibu kwamba hawa bado batoto, tuwaachie mwisho watakaoweza kulala nao.

"Numbi hajatoka, Tata."

Hajatoka. Ndivyo ilivyo. Siku ya mchezo ule msichana alisimama na mpira mkononi, shingo imeelekea kilimani, na Manika wakampita huku na huku, wa kwanza, wa pili, wakakanyaga gunia la nyumbani, tukashindwa. Ndaya alikuwa anamwita. Mimi nilikuwa namwita. Watu walichimba kwa sepetu, kisha kwa mikono, kisha wakakaa kando ya shimo wakiangalia mikono yao. Sahani ya Numbi bado inafunikwa kila jioni.

Siku ile Jémima aliinama kama nilivyomfundisha. Aliokota vumbi kwa vidole viwili. Hakulitupa, alilifumbata, na mpaka leo hajalitupa.

"Alisema tukishinda anatoka," akasema sasa, na hakuwa akiwaambia wale wadogo, alikuwa akiniuliza mimi. "Kama ningerusha, Tata?"

Mimi, mwenye kinywa kilichopeleka mpira mpaka Sandoa, sikupata neno la kufika hata pale aliposimama. Nilitaka kusema: zika, binti, zika. Utamwambiaje azike, mtu ambaye hajapewa mwili? Utamwambiaje umekufa, mtu ambaye bado anafunika sahani?

Kisha Dodo, mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameshika kiapo changu cha mwanzo kuliko hadithi yenyewe, akanyoosha kidole kuelekea bidoni la njano.

"Tata," akasema, "maji."

Nikaenda. Niliapa, nikanaswa, nalipa. Pompi ililia mkono kwa mkono, ikatoa maji kwa ubahili. Nikajitwika bidoni, mzee mzima, maji yananitiririkia shingoni, na njia nzima hakuna msichana aliyenicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwaga. Kwenye gunia la kwanza, vumbi likalala. Kwenye la pili, likalala. Nikamwaga pale Ndaya aliposimama akiita, na pale nilipokuwa naita mimi. Harufu ikapanda, ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ile ile inayotoka kwenye shimo jipya. Mwisho nikafika alipo Jémima, nikamwagia miguu yake maji yaliyobaki.

Uwanja mzima ukatulia, mweusi, umelowa, hauna cha kupaa. Vumbi lote la Kapata likalala.

Isipokuwa lile lililo ndani ya ngumi yake.