Msuko wa Hakimu

Mjukuu wangu ana miaka tisa, na maneno yake yamejificha chini ya nywele. Ukimkazia macho, anakuwa jiwe. Lakini mkalishe chini, kichwa chake kati ya magoti yako, ushike chanuo uanze kusuka: atakwambia hata usiyomuuliza.

Asubuhi ya kwenda mahakamani nilikuwa namsuka polepole. Wazazi wake hawapo tena, na baba yake mkubwa alitaka kumchukua akamlelee mtoto wake mchanga. Shule, alisema, itasubiri. Mimi nilitaka abaki kwangu asome. Lakini yeye mwenyewe alitaka nini? Kabla hajafungua kinywa, gari la afisa wa ustawi wa jamii likapiga honi. Tukatoka hivyo hivyo, upande mmoja matuta, upande wa pili kichaka.

"Mke mwenzangu, leo hata simba atakukimbia," nikamtania. Hakucheka.

Baba mkubwa alikuwa kwenye benchi la korido. "Mama, ndiyo malezi yenyewe haya? Na huyo bubu atamwambia nini hakimu?"

"Debe tupu ndilo lenye kelele, baba," nikamjibu.

Hakimu, mama wa makamo, alituita ofisini kwake. Joho alikuwa amelitundika, viatu amevisukumia chini ya meza.

"Sheria inataka nimsikie mtoto mwenyewe. Nyinyi subirini nje."

"Mheshimiwa, hatasema. Niulize mimi."

"Bibi, usimsemee."

Kisha nikatoa chanuo kwenye mkoba, nikaliweka mezani. "Basi simsemei. Ila huyu husema akisukwa."

Hakimu akalitazama chanuo, akakitazama kichaka. "Sijasuka tangu binti zangu waolewe," akasema, akahamia kwenye kochi. "Njoo, mwanangu. Nikikuumiza, nipigie kelele."

Mlango ukafungwa. Tulikaa pale nje, mimi na baba mkubwa. Mara nikasikia kicheko cha puani. Cha mjukuu wangu! Machozi yakanitoka nikiwa nimekaa.

Tulipoitwa tena, hakimu alikuwa bado anamalizia ncha.

"Anampenda yule mtoto mchanga," alimwambia baba mkubwa. "Likizo atakuja kumbeba. Lakini anataka shule, na anataka kulala kwa bibi yake. Nimepima hilo pamoja na aliyonieleza afisa. Atabaki kwa bibi, na shule haitasubiri."

Baba mkubwa akainamisha kichwa. "Kumbe anaongea."

"Sana. Na wewe, bibi, amesema mkienda dukani umwache aagize mwenyewe."

Nyumbani niliketi na chanuo langu. "Matuta yamepinda kama njia ya mbuzi. Kaa nikufumue."

Akakifunika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama usoni, macho kwa macho.

"Bibi, usifumue. Haya ni yangu."

Sikufumua. Jumatatu akaenda nayo shuleni, yamepinda vile vile, naye kanyoosha shingo.