Zifute Zote

Ambulensi haikuwa na mafuta. Hilo nimeliandika, nimelipeleka wilayani, nimelisema kwenye mikutano hapa Koboko mpaka wakanizimia kipaza sauti. Hili la picha sijamwambia mtu, kwa sababu mwenye kosa ni mimi.

Binti yetu Viktoria alipokufa akiingoja ambulensi hiyo, aliacha simu yenye kioo kilichopasuka. Candia, fundi wa kompyuta mjini Arua, alizihamishia picha zake kwenye kompyuta ninayoandikia barua, katika albamu aliyoiita Vipendwa. Kisha akaweka skrinseva iliyotengenezwa na watu wengine, siyo ile iliyokuja na mashine: ukikaa dakika tano bila kugusa kitu, picha za albamu zinaanza kupita zenyewe. Wiki ile ile simu ikafa kabisa.

Kila akitoka shambani, mke wangu Eyotaru alikaa mbele ya kioo cha mashine. Viktoria na sare ya shule. Viktoria anacheka, muhogo mdomoni. Hakukigusa kamwe, maana alishaona: ukigusa tu mashine, mtoto anaondoka. Kiangazi kikaja, vumbi jekundu likatanda, na bado hakugusa.

"Baba Viktoria," akaniambia, "uso yake iko napotea."

Kupangusa kioo niliona ni kazi ya fundi, nikaibeba mashine hadi Arua. Nikamwambia Candia picha za albamu zimejaa vumbi, azifute. Watu walikuwa wengi dukani, sijui alisikia nini. Akaniuliza, zote? Nikasema zote. Akauliza tena, taratibu, hata za marehemu? Mimi sipendi kuulizwa mara mbili. Maofisa wameniuliza mara mbili mbili maisha yangu yote.

"Hizo ndizo hasa, fundi. Futa, usiache hata moja."

Basi akafuta, na pipa la taka la mashine akalimwaga. Alidhani huzuni imenishinda.

Kioo kilirudi nyumbani kinang'aa. Eyotaru akajifunga kitenge upya, akakaa. Dakika tano zikapita. Badala ya mtoto, yakatokea maneno meupe kwenye weusi. Yeye hasomi. Mimi nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni, na majirani wote huniletea karatasi zao.

"Imeandika nini?"

Nikamsomea. Albamu haina picha.

Nilimpigia Candia, akanieleza alichofuta. Eyotaru hakulia. Aliningoja nimalize.

"Wewe mwenye kukumbuka kila kitu," akasema. "Ile shimo ya shavu yake, akicheka, ilikuwa upande gani? Kwangu inaanza kuchanganya."

Najua tarehe waliyoahidi mafuta. Najua aliyesimama jukwaani siku hiyo, na rangi ya koti lake, na kifungo kilichokosekana.

"Kushoto," nikasema.

Akaniangalia. Mkono wake ukapanda kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto, ukasita, kisha ukahamia la kulia, ukabaki hapo.