Kiti Kilichovuka Barabara

Fundi alipomaliza kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele, Dada Mkubwa aliujaribu ufunguo, akaujaribu tena, kisha akautia mkobani. Cheti cha kifo alikuwa nacho, benki alishaiarifu, na wosia ulikwisha kusomwa: nyumba na vyote vilivyomo ni vya kaka yao aliye ughaibuni. Baba aliuandika kabla hajaugua, na alipougua hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Msimamizi wa mirathi kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hata kijiko hakipotei, na Dada Mkubwa hakuwa mtu wa mzaha.

Kitinda mimba, aliyemuuguza baba mpaka akakata roho, alihamia chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara. Aliondoka na nguo zake tu.

Asubuhi yake kiti cha baba kilikutwa kimesimama mlangoni kwake. Kitasa kilikuwa kizima, madirisha yamefungwa. Muuza mkaa alikiona kikivuka, akakisifu kwa adabu, maana kilingoja magari yapite. Dada Mkubwa alikirudisha. Kesho yake kilikuja na kabati, na keshokutwa sufuria zikafuata, kubwa mbele, ndogo nyuma.

Alimwendea wakili. Wakili alisema mambo hayo hutokea, akaendelea kupiga mihuri.

"Sheria inauliza mali ni ya nani, dada yangu. Haiulizi mali inampenda nani."

Roho ilimuuma, kwa kuwa alimpenda mdogo wake. Alimpigia kaka simu, akamweleza yote bila kuficha. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kabati limekwaruzika njiani.

"Sheria ni msumeno," muuza mkaa alisema, "ila huu wenu una meno upande mmoja."

Siku mlango wenyewe ulipovuka, pamoja na kitasa chake kipya, Dada Mkubwa aliketi kwenye kiti cha baba, pale nje, akalia. Kitinda mimba alichemsha chai kwa sufuria mojawapo iliyokuja. Walikunywa mpaka ikaisha. Kisha mdogo akainama upande mmoja wa mlango.

"Shika huko, dada. Peke yako utaumia mgongo."

Waliubeba wawili, wakangoja magari yapite. Walipokwisha kuupachika, Dada Mkubwa alifunga, akaujaribu ufunguo, akaujaribu tena. Mdogo wake alikuwa amebaki nje, akimshikia mkoba.