Kisahani cha Mwisho cha Baba

Usinione mwendawazimu. Nazungumza na seli, ndiyo. Nyumbani sina wa kuzungumza naye.

Seli zenyewe ni za baba yangu, Bunluea. Madaktari hapa Chiang Mai walimzibua ateri ya mguu kwa kiputo kinachovimbishwa ndani ya mshipa, kiputo kikauchubua mshipa kwa ndani. Damu iliyoganda pale ikatoa vichocheo vya ukuaji, seli za misuli laini zikaamka, zikazaana kuziba mchubuko, zikapitiliza mpaka zikaufunga mshipa wote. Ikabidi apasuliwe, kipande kile kikatwe. "Mpeni binti yangu Oi," aliwaambia akicheka, "asije akakosa kazi." Hakuamka tena.

Ndizo ninazozitunza kwenye kabati la joto la maabara. Hizi hizi zilizoniulia baba! Na hakuna kingine chake kilicho hai.

Seli zikizaana sana huzeeka, na sasa kilibaki kisahani kimoja cha seli zinazofaa. Ajaan Phikun, mwalimu wangu na mkuu wa maabara, alitaka jibu: je, dawa yetu inaweza kuzizuia zisizaane kichocheo kikishaziita? Kwanza lazima zishinde njaa, bila seramu, yale majimaji ya damu yanayozilisha, zitulie kabisa. Zikishapimwa, zinauawa.

"Leo unazinyima, Oi," alisema akifunga mkoba wa safari ya Lampang. "Usiniangushe, mwanangu."

"Sawa, Ajaan."

Baba alikuwa akinipigia simu kila jioni, na neno lake la kwanza ni lile lile: "Umeshakula?" Nikisema bado, nagombezwa mpaka nijute. Jioni ile niliuacha wali wangu wa kunata mezani nje, nikaingia kuzichungulia kwa hadubini. Zimenyamaza, zimejinyoosha tu. Ningekulaje mimi, na baba ana njaa?

Nikazitilia seramu.

Ajaan aliporudi, alichungulia hadubini, akashtuka. "He! Zimejaa pomoni! Nani kazilisha?"

"Mimi."

"Wewe? Na kusoma kote huko? Hatutapata nyingine, Oi! Sasa zitazaana wiki mbili hivi mpaka zichoke, zife, na jibu hatuna. Haya, niambie, umepata nini?"

Nilitaka kuomba radhi, machozi yakatangulia.

"Wiki mbili, Ajaan. Wiki mbili za kula bila kuwa peke yangu."