Tusimwamshe Ng'ombe

Nyumbani walimwita Zubaa, na jina lilimkaa. Ukimtuma chumvi ungemkuta amesimama katikati ya jikoni, kibakuli mkononi, akitazama vumbi linavyoelea kwenye mwale wa jua. Mama yake, fundi cherehani, aliwaambia wateja, "Huyu mwanangu mwili upo, roho imetoka kidogo. Itarudi."

Mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu wa ushauri aliwapa maswali ya kupima tabia, ili kila mmoja ajue kazi inayomfaa. Unapenda kukaa na watu au peke yako? Unaamua kwa moyo au kwa kichwa? Majibu yalipotoka darasa likageuka soko. Rafiki yake Kasuku, aliyeweza kuongea na ukuta mpaka ukamjibu, aliambiwa afikirie utangazaji. Zubaa aliitwa ofisini.

"Wewe ni mtu wa ndani, mwanangu," mwalimu alisema kwa upole. "Watu watakuchosha. Nimekuombea wiki moja hospitalini, chumba cha mafaili. Ukajaribu."

"Sawa, mwalimu."

Moyo ulimshuka kama ndoo kisimani. Watu hawakumchosha, zilimchosha kelele zao. Wenyewe aliwapenda, hasa wakinyamaza.

Chumba cha mafaili kilikuwa na rafu mpaka darini na harufu ya karatasi kuukuu. Alipanga, akakosea, akapanga upya. Siku moja asubuhi alitumwa kupeleka faili chumba cha eksirei. Alisukuma mlango mzito, akaingia kwenye ubaridi na mwanga hafifu kama wa alfajiri. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mkono wa mtu, mifupa mitupu, inang'aa gizani kama matawi chini ya mbalamwezi. Akasahau faili. Akasahau hata miguu yake. Alihisi anaelea, na ule mkono unampungia.

Kilio kikamrudisha. Kitandani, chini ya mashine, alilala mtoto wa kike aliyeanguka ukutani akaumia kiwiko. Baba yake alibembeleza, akaahidi peremende, akafoka, akabembeleza tena. Mtaalamu wa eksirei, mama wa makamo, sauti ilikuwa imemkauka.

"Akitikisika picha inaharibika," alimwambia yule baba. "Tumeshaharibu mbili."

Hakuna aliyemwita Zubaa. Alisogea tu, akapiga magoti kando ya kitanda. Mtoto alikuwa akilia huku macho yameganda darini, na Zubaa naye akatazama huko huko. Palikuwa na doa la maji ya mvua, pana, la rangi ya chai. Wakalitazama wote wawili. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

"Unaona nini?" Zubaa alinong'ona.

"Ng'ombe."

"Mh. Amelala?"

Mtoto akafikiri. "Amelala."

"Basi tusimwamshe. Mimi naenda nyuma ya kile kioo kikubwa cha ukutani. Wewe mwangalie, akitikisa sikio utaniambia."

Akatoka kwa kunyata. Nyuma ya kile kioo kinene cha kuzuia miale mtaalamu alibonyeza, mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Mtoto alikuwa ametulia kama maji ya mtungini.

"Nani kakufundisha?" mtaalamu aliuliza.

"Hakuna, mama. Mimi huzubaa tu."

Mtaalamu akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi kesho njoo uzubae huku. Fizikia yako ikoje?"

Fizikia yake ilikuwa ya kutia aibu. Jioni alimweleza mama yake kwamba anataka kusomea eksirei, na cherehani ikasimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Tangu lini wewe ukataka kitu?" mama aliuliza, akamvuta kifuani, sindano bado midomoni.

Mwalimu wa ushauri alipopata habari alikuna kichwa. "Majibu yako niliyasoma vizuri," alisema. "Ila nilidhani mtu mpole hana la kufanya na watu." Ndiye aliyemtafutia mwalimu wa fizikia wa jioni. Haikuwa rahisi: mara ya kwanza alishindwa, akalia, akarudia mtihani, akapita kwa kuponea chupuchupu.

Sasa yuko chuoni, mwaka wa pili, na koti jeupe linalompwaya. Bado huchelewa kuitika akiitwa. Lakini kabla ya kumgusa mgonjwa husugua viganja vyake kwanza, taratibu, mpaka vipate joto, na wagonjwa wengi hufumba macho, wakatulia.