Saa ya Jarso

Mimi naitwa Winfred Kaingu, na kabla hujayasikia kwa watu, acha nikwambie mwenyewe: ni mimi niliyemtosa marehemu mzee Jarso mtoni kwa ajili ya saa ya mkononi.

Naimba historia. Watu wa Garsen wakiniuliza mbona siimbi mapenzi kama wenzangu, nawaambia mapenzi yana wenyewe. Nilikuwa na nyimbo kumi na moja. Kuna wa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, enzi hizo daraja halijajengwa. Kuna wa Wagiriama waliokuja kulima huku Tana, babu yangu akiwa mmoja wao. Hata wa mto kuhama njia na kuacha mitumbwi mchangani ninao. Nyimbo nzuri, wala sijisifu. Ila hakuna aliyewahi kuziimba zaidi yangu na binamu yangu Gona, anayenipigia gita, na huyo Gona huimba kwa sababu namtishia.

Halafu nikaandika wa kumi na mbili.

Ulitoka kwa Bibi Gumato wa Minjila. Nilimwendea na simu yangu nimrekodi habari za mafuriko ya sitini na moja, alivyohadithiwa na mama yake. Bibi ni Muorma, watu wa mifugo, na Kiswahili chake ni cha kuokotwa soko la mifugo, lakini kinafika. Alisema hivi: "Baba yangu Jarso alikuwa na saa thelathini. Zote ilienda na maji. Ikabaki moja tu, iko upande ile. Baba akaingia kwa maji kufuata saa. Saa ikatoka. Baba hakutoka."

Gona aliposikiliza akakuna kichwa. "Mfugaji wa mwaka sitini na moja, saa thelathini za nini?"

Nikamwambia hao ndio watu historia inawasahau, pengine alikuwa fundi.

"Na hiyo saa ilitokaje majini peke yake?"

"Ilielea," nikasema. Mtu akitaka wimbo asiulize mambo mengi.

Basi nikatunga. Kibwagizo kilinijia nikiwa naosha vyombo, nikaacha sufuria hapo hapo:

Jarso wee, rudi nyuma, saa si roho,
tiki-taka, tiki-taka, mto hausikii.

Wiki tatu, jamani. Watu wa bodaboda wakauweka wimbo kwenye spika zao. Watoto wa Kulesa wakawa wanatoka nao shule. Nilikuwa nikivuka barabara pale Garsen, watu hawanisalimii habari, wananisalimia tiki-taka. Siku moja muuza unga aliuimba wote, beti kwa beti, huku akinipimia kilo mbili, na mimi nikasimama pale nikalia kwa furaha. Miaka saba naimba, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilisikia wimbo wangu ukitoka kinywani mwa mtu ambaye sijamtishia.

Kisha Bibi Gumato akanitumia ujumbe. Mjukuu wake Sadia amemaliza chuo cha uuguzi, kuna sherehe, na yeye anataka ule wimbo wa baba yake uimbwe mbele ya ukoo mzima. Mwenyewe alikuwa hajausikia, maana simu yake ni mulika mwizi, haichezi nyimbo. Sikulala vizuri siku mbili kwa raha.

Tulifika Minjila mchana, hema limejaa, pilau inanukia, ndugu wamekuja mpaka kutoka Hola. Mimi na Gona tukajificha nyuma ya hema kufanya mazoezi. Sadia akapita na sinia ya mahamri, akasikiliza kidogo, akasimama.

"Dada Winfred, hiyo saa ni ipi?"

"Ya babu wa mama yako. Ya mkononi."

Sadia akaweka sinia juu ya kiti polepole. "Dada, saa kwa Kiorma ni ng'ombe. Alifuata ng'ombe."

Gona akasema, "Thelathini," akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Na vijana wenu wanaouimba kila siku?" nikauliza.

"Wengine walidhani unatania. Wengine walikasirika."

"Na Bibi?"

"Bibi anajua tu kwamba unamwimba baba yake."

Jarso ni wa Bibi Gumato, si wangu. Bibi akisema basi, ni basi, siwezi kuuimba tena hata jikoni kwangu, na mimi nirudi kwenye nyimbo zangu kumi na moja na Gona wa kutishiwa. Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mtu alikufa kishujaa, mimi nikamfanya kichekesho cha stendi nzima.

"Gona, tubadilishe kibwagizo."

"Tuweke nini? Mooo?"

Tayari walikuwa wananiita. Nikashika maiki, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniuliza ruhusa, ukaanza wenyewe. "Bibi, mimi ni Mgiriama na nimekosa. Wewe ulisema saa, mimi nikasikia saa. Nimempa baba yako saa thelathini za mkononi."

Halafu mzee mmoja wa mbele, Mahadi, akamnyooshea jirani yake mkono wenye saa na kumuuliza kwa upole yake anaikamua mara ngapi kwa siku.

Hema zima likaangua kicheko. Akina mama walijifuta machozi kwa mitandio, na yule jirani akajibu kwamba yake haina maziwa tangu betri iishe. Gona, msaliti, akaanza kupiga gita. Nikaimba, nifanyeje. Kwenye kibwagizo watoto wakaitikia tiki-taka kwa nguvu zao zote, wazee nao wakawajibu kwa mlio wa ng'ombe, kila upande ukitaka kuushinda mwingine, na mimi katikati sijui nacheka au natetemeka. Bibi Gumato peke yake hakucheka. Alikaa na mkono shavuni, ananitazama.

Nilipomaliza akaniita kwa kidole. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Kitu moja hukuuliza," akasema.

"Kitu gani, Bibi?"

"Mtu ameshapoteza ishirini na tisa. Kwa nini anaingia kwa maji kufuata moja?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, sikuwahi kujiuliza.

"Hiyo moja ndio ilikuwa na maziwa," akasema. "Na kwa nyumba kulikuwa na mtoto ya siku tisa, mama yake titi imekauka."

"Huyo mtoto aliishi?"

Bibi Gumato akanishika kidevu. "Si ndiye anaongea na wewe." Akanisukuma kidogo niinuke. "Rudi pale uimbe tena. Sasa na mimi uniweke."