Nyumba Isiyo na Pakiti

Kuna umaskini wa kukosa chakula, huo kila mtu anaujua. Lakini upo na ule wa kukosa hata takataka, na huo usiombe ukupate. Mwalimu Jepkosgei alipowaagiza watoto wa gredi ya pili walete pakiti tatu tupu kutoka nyumbani, watengeneze kopo la penseli, faili na kadi za namba, aliona amewapunguzia wazazi mzigo. Kitu cha bure, jamani. Nani hana pakiti tupu?

Anyango wa mtaa wa Free Area hakuwa nazo. Kwake mafuta yalikuwa ya kupima, maziwa ya kupima, mahindi yalienda kusagwa yakarudi unga kwa mkebe uleule, sukari ikafungwa na gazeti. Chumba kizima hukuti hata boksi la dawa. Naye hakuogopa njaa kama alivyoogopa bintiye Awuor asimame mikono mitupu mbele ya wenzake. Njaa ya mchana, angalau, kanisa la jirani liliwapunguzia, kwa sahani ya chakula shuleni, watoto kumi ambao mwalimu alikuwa ameandika majina yao, na Awuor alikuwa mmoja wao.

Jumamosi akaenda kufua kwa Mama Natalie, kule Milimani kwa wenye nacho. Alipomaliza kuanika alichungulia pipa la taka, akachagua kama mtu aliye sokoni: boksi la biskuti lenye picha ya mlima wa theluji, kopo la mapichi, na pakiti ndefu ya juisi ya komamanga. Boksi akalipangusa, vingine akaviosha kwa maji ya mwisho ya kufulia, akaviviringisha ndani ya leso, huyo akaenda zake.

Alasiri hiyo upepo wa mlima Menengai ulikuwa umetulia na jua limelala sakafuni. Awuor alijilaza kando ya mama yake akinusa boksi. Akauliza, hivi vitu tulikula lini? Hapo ndipo Anyango angesema ukweli, na hakusema. Alimwambia ni siku moja hivi, yeye Awuor akiwa amelala, kisha ulimi ukaenda wenyewe. Biskuti hizo, alisema, ukiuma moja theluji inakuangukia mdomoni polepole, hata kelele za majirani huzisikii. Pichi ni jua lililopikwa na sukari. Juisi nayo, ukiinywa, unaota ndoto nyekundu hadi asubuhi. Mtoto akafumba macho, akatafuna hewa. Mama naye akatafuna. Wakakaa hivyo mpaka chumba kikawa kikubwa, kikaota bustani pembeni, na wote wawili wakashiba kabisa.

Jumatatu Awuor aliyasimulia yote darasani huku akikata boksi lake. Mwalimu, mtu mwema asiye na hila, akafurahi kusikia kwamba mambo ya kwao yamenyooka. Jumanne akalitoa jina la Awuor kwenye orodha ya kanisa, akaandika la mtoto mwingine. Awuor akarudi nyumbani na kopo la penseli lililopambwa likapendeza, na tumbo tupu.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Anyango haikufika hata Jumatano. Mtoto alipomweleza, usiku kucha alijilaumu. Asubuhi akasema liwalo na liwe, akamshika mtoto mkono hadi mlango wa darasa. Alitaka kumwambia asogee kando kidogo, lakini vidole vile vidogo vilimng'ang'ania.

"Mwalimu, zile pakiti nilizitoa kwa pipa la watu," alisema. "Kwangu hakuna pakiti. Hakuna kitu."

Mwalimu Jepkosgei akaomba msamaha, akaahidi kwamba sahani ya kumi na moja itapatikana hata kama itakuwa yake mwenyewe. Anyango hakumsikia vizuri. Aliogopa kumtazama mwanawe, maana sasa alikuwa mama mwongo, na mtoto amesikia kwa masikio yake. Mwishowe akachuchumaa, akamwambia amsamehe, vitu vile yeye hajawahi hata kuvionja.

"Nilijua," Awuor alisema. "Kama ungekula, ungeniwekea."